Meli ya Le Joola na Maswali Yaliyobaki Baharini



Mtu akiwauliza ni meli gani iliyozama ikaua watu wengi, karibu nyote mtajibu Titanic, kwa sababu filamu yake imeonyeshwa hata katika vijiji ambamo umeme ni habari ya kusimuliwa. Titanic iliua watu karibu 1,500 mwaka 1912. Lakini usiku wa tarehe 26 Septemba 2002, meli ya abiria iitwayo Le Joola ilipinduka mbele ya pwani ya Gambia, katika Afrika ya Magharibi, na kwa hesabu ya serikali ya Senegali yenyewe watu 1,863 walikufa. Waliookoka walikuwa 64. Kati ya hao 64, mwanamke alikuwa mmoja tu. Katika vitabu vya historia ambavyo walimu wetu hutumia sijaliona jina la meli hiyo hata mara moja.

Napenda tuitazame pamoja habari hii, kwanza kwa sababu waliokufa wengi walikuwa wa umri wenu, na pili kwa sababu inaonyesha wazi namna jambo kubwa linavyoweza kufungwa kabla ya kujibiwa.

Tuanze na ramani. Nchi ya Senegali imekatwa karibu vipande viwili na nchi ndogo ya Gambia, ambayo imeingia ndani yake kama kidole kirefu kinachofuata mto. Kaskazini kuna Dakar, mji mkuu, pamoja na wizara, chuo kikuu kikubwa na soko la kila kitu. Kusini kuna Casamance, nchi ya mvua, ya mpunga na ya miti ya matunda, na mji wake mkubwa ni Ziguinchor. Mtu wa Casamance anayetaka kwenda Dakar kwa barabara hana budi kuvuka Gambia, mipaka miwili na mto mmoja, au kuizunguka nchi hiyo yote upande wa mashariki. Tena tangu mwaka 1982 kulikuwa na vita huko Casamance kati ya serikali na kundi la MFDC lililodai uhuru wa sehemu ile. Barabara zikawa na mabomu ya kutegwa ardhini na watu wa kuvizia. Hivyo njia ya amani ikawa bahari. Ninyi mnaoishi kandokando ya Ziwa Kivu hamhitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo.

Le Joola iliundwa Ujerumani na kufikishwa Senegali mwaka 1990. Ilipewa jina la kabila la Wajola, wenyeji wa Casamance. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 80, ya namna ile ambayo magari huingia kwa mlango na kukaa chini, na abiria hukaa juu. Ilikuwa na nafasi ya watu 580 pamoja na wafanyakazi wake. Haikuendeshwa na kampuni ya biashara, bali na jeshi la majini. Mkumbuke neno hilo, maana litarudi mbele ya mahakimu.

Kwa muda wa karibu mwaka mzima, hadi siku chache kabla ya ajali, meli ilikuwa imesimama kwa matengenezo. Watu wa Casamance waliteseka sana kwa kukosa njia. Mazao yalioza, wagonjwa hawakufika Dakar. Serikali ilisukumwa pande zote iirudishe meli kazini. Ikarudi tarehe 10 Septemba 2002, na watu wakashangilia. Mwaka ule Wasenegali walikuwa tayari katika furaha: timu yao ya mpira ilikuwa imeishinda Ufaransa katika mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, ikafika hadi robo fainali. Siku 16 baada ya sherehe za kuirudisha meli, meli ikawa chini juu.

Siku ile ya Alhamisi Le Joola iliondoka Ziguinchor mchana. Ndani yake mlikuwa na wanafunzi wengi sana, kwa sababu mwezi wa Oktoba ndio mwezi wa kufungua shule na chuo kikuu, nao walikuwa wametoka likizo nyumbani. Mlikuwa na akina mama wa biashara waliopeleka mazao ya kusini Dakar. Mlikuwa na wanajeshi, wasafiri wa nchi za jirani na Wazungu wachache. Watoto wadogo hawakukatiwa tiketi, na watu wazima wengine walipanda bila tiketi kama ilivyozoeleka. Kisha meli ilisimama mbele ya kisiwa cha Carabane, mahali pasipo na gati, na watu wapatao 185 wakapanda kutoka mitumbwini. Nani aliwaandika? Hakuna orodha kamili ya watu waliokuwa ndani ya meli ile. Serikali ilipata hesabu yake baadaye, kwa kukusanya madai ya familia na kuyalinganisha. Vyama vya familia vinasema waliokufa walizidi 2,000. Nani asema kweli, hatutajua kamwe, kwa kuwa kitu ambacho kingelijibu swali hilo ni daftari, na daftari halikuandikwa ilipopasa.

Karibu saa nne ya usiku meli iliongea na Dakar kwa redio ikasema safari ni njema. Karibu saa tano tufani ya mvua na upepo ikaikuta. Kwa dakika chache, wengine husema tano tu, ikawa imelala ubavu na kupinduka kabisa.

Watu wengi husema kwa haraka, «ilijazwa mno, ndiyo sababu.» Ni kweli kwamba ilichukua watu mara tatu ya kipimo chake. Lakini mwalimu wa fizikia atawaeleza kwamba wingi wa mzigo peke yake si jambo zima. Inategemea mzigo umekaa wapi. Meli hujirudisha wima baada ya kuinama ikiwa uzito wake umekaa chini. Watu wanapojaa sakafu za juu kwa ajili ya hewa, na chini magari na mizigo haikufungwa imara, uzito hupanda. Mvua ikinyesha upande mmoja, umati hukimbilia upande wa pili. Meli huinama, mizigo isiyofungwa huteleza kwenda kule kule, maji huingia kwa madirisha yaliyo wazi, na maji yakiisha kuingia hayakai mahali pamoja: hukimbilia upande ulioinama. Basi, ajali ya namna hiyo haina sababu moja. Ina mlolongo, na kila pete ya mlolongo ina mtu aliyepaswa kuikagua: aliyeuza tiketi, aliyepakia, aliyetia sahihi kwamba meli inafaa kusafiri, aliyejua kwamba ilijengwa kwa safari za karibu na pwani lakini akaiacha iende mbali, aliyesoma habari za hali ya hewa. Ndiyo maana jibu lolote linalomtaja mtu mmoja tu lapaswa kutiliwa mashaka tangu mwanzo.

Sasa tufike kwenye swali ambalo kwangu mimi ndilo zito kupita yote. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea, tumbo lake juu, usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana wa tarehe 27. Ndani yake kulikuwa na hewa iliyonaswa, na watu hai. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, watu maskini waliokuwa katika kazi yao ya kila siku. Hao ndio walioopoa walionusurika. Habari zilizoandikwa wakati ule zasema kwamba hata mchana wa tarehe 27 kijana wa miaka 15 alitolewa akiwa hai, akaeleza kwamba ndani mlikuwa na wengine wengi, na sauti za kugonga na kulia zilisikika. Karibu saa tisa ya mchana meli ikashuka chini.

Kati ya saa tano ya usiku na saa tisa ya mchana kuna saa kumi na sita. Dakar haikuwa mbali kiasi cha kusema hapakuwa na njia. Meli iliyokuwa ya jeshi iliacha kuita kwa redio, na hakuna aliyepiga kengele usiku ule. Kwa nini? Nani alikuwa zamu? Nani aliambiwa asubuhi, naye alimwambia nani, na saa ngapi? Msaada wa serikali wenye vyombo na wapigambizi ulichelewa mno, na tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ilikiri kwamba uokoaji haukwenda ipasavyo. Lakini kukiri kwamba kazi haikwenda vizuri si sawa na kusema nani hakuifanya.

Hapa nitoe tahadhari ndogo, maana si kila swali la uokoaji lina jibu jepesi. Jirani zetu wa Tanzania walipata msiba wa MV Bukoba katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996. Meli ile nayo ilielea tumbo juu, watu wakasikika wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu, nayo ikazama. Kwa hiyo nia njema bila ujuzi na vyombo haitoshi. Lakini huko Mwanza walau watu walifika na kujaribu. Familia za Le Joola zinauliza juu ya saa ambazo hakuna aliyejaribu ila mvuvi.

Serikali ilifanya nini baadaye? Tusiwe wasemaji wa upande mmoja. Rais Abdoulaye Wade alikubali hadharani kwamba dola ilikuwa na wajibu wake katika msiba huo. Mawaziri wawili, wa uchukuzi na wa majeshi, waliacha kazi. Mkuu wa jeshi la majini aliondolewa. Mnamo Novemba 2002 Waziri Mkuu, Bi Mame Madior Boye, naye aliondolewa pamoja na serikali yake. Katika bara letu si mara nyingi mawaziri huacha viti kwa sababu ya abiria wa sakafu ya chini. Tena familia ziliahidiwa franka za CFA milioni 10 kwa kila marehemu.

Lakini mwezi wa Agosti 2003, hata mwaka haujatimia, mahakama ya Senegali iliifunga kesi. Hukumu ilikuwa kwamba mwenye kosa ni nahodha, na kwa kuwa nahodha alipotea baharini pamoja na abiria wake, hapakuwa na mtu wa kushitakiwa. Hakuna aliyesimama mbele ya hakimu akaulizwa maswali na kujibu mbele ya wajane. Wakubwa waliopoteza vyeo hawakupoteza zaidi ya vyeo, na baadhi yao walipata kazi nyingine.

Ni hapo ndipo neno «kuficha» lilipoanza kusikika sana. Nawaomba mlitumie neno hilo kwa uangalifu. Kuna kuficha kwa njama: watu wanakutana usiku, wanachoma karatasi, wanamfunga mdomo shahidi. Juu ya Le Joola sijaona uthibitisho wa jambo la namna hiyo, na anayewaambia kwamba meli ilizamishwa kwa makusudi awaonyeshe anatoa wapi. Kuna pia kuficha kwa njia ya kanuni, na huko hakuhitaji njama. Faili linafungwa kwa muhuri halali. Mwenye kosa anatajwa, naye ni maiti. Malipo yanatolewa, na mwenye kupokea anaonekana kama aliyeridhika. Mwaka unapita, kumbukumbu inafanywa, maua yanawekwa, na anayeuliza tena anaambiwa anatonesha kidonda cha taifa. Kila kipande cha hayo kinaweza kutetewa. Vikiwekwa pamoja vinafanya ukuta.

Kwa kuwa kati ya waliokufa mlikuwa na raia 18 wa Ufaransa, sheria ya nchi hiyo iliruhusu uchunguzi wa pili huko. Mnamo Septemba 2008 hakimu mmoja wa mji wa Évry, Jean-Wilfried Noël, alitoa hati tisa za kukamata wakubwa wa Senegali, pamoja na aliyekuwa Waziri Mkuu. Dakar ilikasirika sana. Ikaona huo ni ukoloni wa zamani uliovaa joho la hakimu, na ikatangaza kumshitaki hakimu mwenyewe. Mwaka 2009 hati ya Waziri Mkuu na ya waziri wa majeshi zilifutwa huko Paris. Mwaka 2014 mahakimu waliamua kwamba hakuna atakayefikishwa kwenye kesi. Familia zilikata rufani, zikashindwa mwaka 2016, zikashindwa tena kwa mara ya mwisho mwaka 2018.

Sababu waliyoitoa yafaa kusomwa polepole. Mahakimu hawakusema kwamba hakuna makosa. Walisema kwamba meli ilikuwa chini ya jeshi, haikuwa ya biashara, na kwa hiyo kazi yake ilikuwa tendo la dola. Na dola moja haihukumiwi na nyingine. Watu wa Ziguinchor walipanda meli ile wakiamini kwamba bendera ya jeshi ni ulinzi wao. Ikawa ulinzi wa wengine.

Juu ya hasira ya Dakar, sitawacheka Wasenegali. Mtu wa Kongo anajua vizuri uchungu wa kuona jambo lake likiamuliwa Ulaya. Lakini heshima ya nchi ingelindwa vizuri zaidi kama hakimu wa Dakar angelifanya kazi ile mwenyewe. Mgeni aliingia kwa mlango ambao mwenye nyumba aliuacha wazi.

Kuna pia suala la meli yenyewe. Le Joola haiko katika vilindi. Iko katika kina cha mita 20 hivi, kina ambacho mpigambizi wa kawaida hufika. Miili iliyopatikana ilikuwa sehemu ndogo, mamia tu, na mingi ilizikwa bila jina katika makaburi yaliyotengwa, kama yale ya Mbao karibu na Dakar na ya Kantène karibu na Ziguinchor. Waliobaki, zaidi ya elfu moja, bahari ndiyo kaburi lao, na wengi wao wanadhaniwa bado wamo ndani ya meli. Tangu mwaka 2002 familia zinaomba iinuliwe, ili wazike watu wao, na pia ili chuma kichunguzwe: milango ilikuwaje, madirisha yalikuwaje, mashine zilikuwaje. Zimejibiwa kwa ahadi na kwa kimya.

Wapo wanaosema ni kazi isiyowezekana. Mwezi wa Aprili 2014 meli Sewol ilizama katika Korea ya Kusini ikaua watu 304, wengi wao wanafunzi wa shule moja ya sekondari. Wazazi hawakunyamaza, walikaa barabarani miezi na miaka. Mwezi wa Machi 2017 meli hiyo, kubwa kuliko Le Joola, iliinuliwa kutoka kina cha mita 44 na kupelekwa bandarini. Nahodha alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha. Korea ni nchi tajiri, nakubali. Lakini tuwe wakweli: tofauti kati ya mita 44 na mita 20 si tofauti ya fedha peke yake. Huko Ulaya nako, meli Estonia ilipozama mwaka 1994 na kuua watu 852 katika Bahari ya Baltiki, serikali ziliamua kuiacha chini na kupiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Matokeo yake ni kwamba mashaka yaliendelea zaidi ya miaka 25, hata uchunguzi ukafunguliwa upya baada ya waandishi wa habari kupiga picha tundu ubavuni mwake. Wachunguzi walisema tundu lile lilitokana na mwamba wa chini ya bahari. Huenda ndivyo. Lakini kama ukaguzi kamili ungelifanywa mapema, neno lao lingelipokewa kwa urahisi zaidi.

Na sisi? Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ukingoni. Vita vilikuwa vimefunga barabara, kama kule Casamance. Siku ile Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza watu 78 wamekufa kati ya 278 waliokuwamo. Siku zilizofuata wakubwa wengine walitoa hesabu zisizolingana na hiyo, na familia zilikuwa na hesabu zao. Hata 278 hiyo, ilitoka katika karatasi gani? Kama mna jamaa au rafiki aliyesafiri kwa boti mwezi huu, mwulizeni kama jina lake liliandikwa kabla ya kuondoka, na kama jaketi ya kuokoa maisha aliivaa au aliiona imefungwa juu ya paa.

Mwaka 2008 Senegali ilipata meli mpya ya kwenda Ziguinchor, wakaiita Aline Sitoé Diatta. Huyo alikuwa msichana wa kijiji cha Kabrousse, Casamance, aliyewaambia watu wake wakati wa vita kuu ya pili wasiwape Wafaransa mpunga wao. Alikamatwa mwaka 1943, akapelekwa Timbuktu, akafa huko mwaka 1944. Watu wa kwao hawakuambiwa. Kwa miaka mingi waliendelea kuuliza yuko wapi, wakati katika ofisi fulani kulikuwa na karatasi yenye tarehe ya kifo chake. Mwenye kuchagua jina hilo sijui kama alilifikiria jambo hilo. Familia zinazopanda meli yake kwenda kuweka maua kila tarehe 26 Septemba bila shaka hulifikiria.